Nyota nne kwa wazee wa Kigiriki, Dar hadi Lubumbashi na kurudi

Nianze na bidhaa yenyewe, maana najua wapo watakaoishia aya ya kwanza. Ni vitabu vya kusikiliza, vya bure kabisa, kutoka kwenye mtandao mmoja ambako watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki zake zimeshakwisha. Nilivishusha nyumbani Tanga kwa bando la shilingi 3,000, nikavitia kwenye flashi, flashi nikaichomeka kwenye redio ya lori langu. Viko vitatu: Maadili ya Aristotle, kijitabu cha mafunzo ya Epictetus, na barua ya Epicurus. Vyote vinazunguka swali moja, mtu aishi vipi hata tuseme huyu kaishi vizuri. Nimevisikiliza safari mbili nzima, nimebeba salfa kwenda, shaba kurudi. Natoa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano kuna mtu kaipoteza karibu na Nakonde, mpakani upande wa Zambia, nitamtaja.

Sikuvitafuta kwa kupenda elimu. Flashi yangu ya taarabu ilikufa, na dogo, utingo wangu, alikuwa na singeli peke yake. Singeli ni nzuri, lakini si kwa saa kumi na nne mfululizo. Mpwa wangu aliye chuoni akaniambia, "Mjomba, jaribu hawa, usipowaelewa watakuletea usingizi." Ndiyo akili ya mtu asiyewahi kushika usukani usiku.

Ubora wa sauti ni bahati nasibu. Kila sura ina msomaji wake. Yupo bwana anayesoma kama anatangaza vifo redioni, yupo mwingine ambaye jogoo wake aliwika katikati ya sura ya ujasiri na hakujali kurudia. Lakini yupo mama mmoja, sauti yake tulivu, kila neno limekaa mahali pake, huyo ningemsikiliza kutoka Mpika hadi Serenje bila kugusa chai. Kiingereza chenyewe ni cha babu zao. Changu ni cha kidato cha nne, kimenolewa na miaka kumi na tisa ya kubishana na Wazambia, na bado sura nyingine nimezirudia mara tatu. Kama Kiingereza chako ni cha kuagiza vipuri tu, subiri mtu atusomee kwa Kiswahili.

Aristotle kwanza, maana ndiye aliyekula nusu ya barabara. Alizaliwa mwaka 384 K.K. huko Stagira, baba yake alikuwa tabibu wa mfalme wa Makedonia, yeye mwenyewe akakaa kwa mwalimu wake Plato miaka ishirini hivi kabla ya kuwa na shule yake Athens. Kitabu hiki ni kumi ndani ya kimoja. Anaanza mahali ambapo dereva anaweza kumfuata: kila kazi ina shabaha yake. Ya tabibu ni afya, ya fundi wa jahazi ni jahazi, ya jemadari ni ushindi. Nikamjibu kwa sauti, ya kwangu ni mzigo kufika. Naye kama amenisikia, anauliza, na mzigo ukifika ili iweje? Ili nilipwe posho na mshahara. Ulipwe ili iweje? Ili watoto wasome, nyumba iezekwe. Ili iweje? Ukienda naye hivyo unafika mahali ambapo "ili iweje" haina tena jibu, na hapo ndipo anapoweka neno lake la Kigiriki, *eudaimonia*.

Msomaji wa Kiingereza analitafsiri kwa neno lile lile la kwenye kadi za siku ya kuzaliwa. Nilikaa nalo kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni nikitafuta la kwetu. Furaha haitoshi. Furaha ni timu yako kusawazisha dakika ya tisini, na Jumatano ijayo mnafungwa. Raha ndiyo kabisa, raha ni kiyoyozi na soda baridi. Yeye anasema ni jambo la maisha mazima, mbayuwayu mmoja haleti majira, wala siku moja njema haimfanyi mtu awe amefanikiwa. Nikaona heri ndiyo inakaribia. Tunasema fulani ni mtu wa heri, tunaachana kwa kwa heri, na ndani ya heri kuna kabahati kidogo, jambo ambalo mzee huyu halikatai: mtu akikosa kabisa marafiki, watoto, afya na riziki, wema wake peke yake haumfikishi. Anamtolea mfano mfalme Priam wa Troya, aliyeishi kwa fahari mpaka uzeeni, kisha akapoteza wanawe na mji wake. Huyo nani atamwita mtu wa heri?

Babu yangu aliyenisomesha juzuu Pangani angetumia neno saada, ndiyo heri hiyo hiyo kwa Kiarabu. Na si kwa kubahatisha, kwa sababu wanazuoni wa Kiislamu walimsoma Aristotle kwa Kiarabu karne nyingi kabla Waingereza hawajamtia kwenye lugha yao, na Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika kitabu kizima cha kuitakasa tabia juu ya msingi huo huo. Kwa hiyo mzee huyu si mgeni sana kwenye mkeka wa chuo cha pwani. Alikuja kwa njia ya kuzunguka.

Sasa Kitonga. Kwa asiyepajua, ni mlima kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa, barabara imechongwa ubavuni, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Kwenda unaupanda na salfa, kurudi unaushuka na tani 28 za shaba, na shaba haina mzaha, inakusukuma mgongoni kama mtu anayekudai. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa yote: gia ile ile uliyopandia ndiyo ya kushukia, injini ndiyo ishike gari, breki uigusie tu. Nilijua kila neno na nilishuka kwa kutetemeka hata hivyo. Leo nashuka huku nikizungumza. Kilichobadilika si maarifa, ni mguu. Hicho ndicho anachosema Aristotle kuhusu wema. Hatuzaliwi nao wala hatupewi kwa mahubiri. Fundi huwa fundi kwa kujenga, mpiga kinanda kwa kupiga, na mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara kwa mara, hata mwanzoni akiwa anatetemeka. Sisi tuna methali mbili zinazogombana hapa. Moja inasema mazoea hujenga tabia, nyingine inasema tabia ni kama ngozi. Nilikuwa mtu wa ngozi maisha yangu yote, hasa nilipokuwa nazungumzia watoto wa ndugu zangu. Kitabu cha pili kimeniharibia hoja hiyo.

Onyo la mtumiaji: nilizima redio nilipofika kileleni Kitonga na nakushauri uzime. Hakuna falsafa ya kusikilizwa pale.

Kuna kipande kuhusu kiasi ambacho watu hukitaja vibaya, kana kwamba anasema kila kitu nusu nusu. Hasemi hivyo. Anatoa mfano wa chakula: ratili kumi zikiwa nyingi na mbili zikiwa chache, haimaanishi mkufunzi atampa kila mtu sita. Kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi leo ni nyingi. Dogo alicheka sana hapo, maana kila tukisimama kwa mama lishe Makambako anaongeza ugali mara mbili na mimi humwita mlafi. "Umesikia mzee? Mimi ni Milo." Tangu siku hiyo anaitwa Milo barabara nzima, hata wakala wetu Tunduma anamwita hivyo. Na hasira nayo ina kiasi chake. Mzee hasemi usikasirike. Anasema ukasirike na anayestahili, kwa jambo linalostahili, kwa wakati wake na kwa muda wake. Jaribu hilo mizani inapokupima mara ya pili kwa sababu mashine iligoma mara ya kwanza.

Sasa nimkosoe. Mtu huyu mwenye akili zote hizi anasema mtumwa ni chombo chenye uhai, na chombo ni mtumwa asiye na uhai. Nilimrudisha nyuma nikidhani nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Maisha ya heri anayoyachora ni ya mwanamume huru wa Athens mwenye mali na nafasi ya kukaa chini, huku wengine wanampikia na kumlimia. Ukimaliza kitabu cha kumi anakwambia heri iliyo juu kabisa ni kutafakari tu. Sawa mzee, na nani anashika usukani? Kuna mabosi nimewahi kuwafanyia kazi ambao kwao dereva ni kipande cha gari kinachokula. Kwa hiyo nilipopakua kichwa cha Aristotle nikapandisha cha Epictetus, nilikuwa na hamu.

Maana Epictetus alikuwa mtumwa. Alizaliwa Hierapolis, nchi ambayo sasa ni Uturuki, akawa mali ya mtu aliyekuwa akimtumikia mfalme Nero huko Roma, na alikuwa kiwete. Alipoachwa huru alifundisha, mfalme Domitian akawafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki, akafundisha huko mpaka uzee. Hakuandika neno. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika. Kijitabu ni kifupi, unakimaliza kati ya Chalinze na Morogoro hata ukikwama nyuma ya basi.

Mstari wa kwanza tu umenifaa kuliko mafunzo yote ya usalama barabarani niliyohudhuria: kuna mambo yaliyo mikononi mwetu na mambo yasiyo mikononi mwetu. Foleni ya mpakani haiko mkononi mwangu. Karatasi ambayo wakala amekosea namba yake haiko mkononi mwangu. Tairi, oili, ulimi wangu, hivyo viko. Ana mfano wa hamamu ya umma: kabla hujaenda kuoga, kumbuka wapo watakaokurushia maji, wapo watakaokusukuma, wapo watakaotukana, na wapo watakaoiba nguo. Basi jiambie, naenda kuoga, na pia naenda kuulinda utu wangu. Mtu asiyewahi kulala siku nne Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, anaweza kudhani hayo ni maneno mepesi. Mimi niliyaandika kwa kalamu ya alama juu ya kioo cha jua. Safari ya pili nilifika Lubumbashi bila kumtukana mtu, na mke wangu alisema kwenye simu sauti yangu haijakauka kama kawaida.

Nyota ya tano, yeye ndiye aliyeipoteza. Tumevuka Tunduma usiku, tuko upande wa Nakonde, barabara imenyooka, dogo amelala. Msomaji akaja kwenye mahali ambapo Epictetus anasema: ukiupenda mtungi, jiambie naupenda mtungi, ili ukivunjika usitikisike. Nzuri. Halafu akaendelea bila hata kuvuta pumzi: ukimbusu mwanao au mkeo, jiambie unambusu binadamu, ili akifa usitikisike.

Mama yangu alifariki mwaka 2016 nikiwa kwenye foleni ng'ambo ya mpaka, nimezungukwa na malori mbele na nyuma, hata kugeuza huwezi. Walinipigia saa mbili asubuhi, alasiri walikuwa wameshamzika, maana kwetu maiti halazwi. Sikuwa na uwezo wowote. Kwa hesabu ya mzee huyu hilo lilikuwa jambo lisilo mkononi mwangu, na hesabu yake ni sahihi, siipingi. Lakini nilikaa kwenye ngazi ya gari nikalia mbele ya madereva wa nchi tano, na mmoja wao, Mkongo nisiyemjua, akanipikia uji. Sitaki kuwa mtu ambaye asingetikisika asubuhi ile. Mama hakuwa mtungi. Nilizima redio nikaendesha kimya mpaka kulipopambazuka. Hiyo ndiyo nyota.

Epicurus nimsemee kwa kifupi kwa sababu barua yake ni fupi na mtu mwenyewe hana makuu. Alizaliwa kisiwa cha Samos mwaka 341 K.K., alifundishia kwenye bustani yake Athens, na bustani hiyo ilipokea wanawake na watumwa, kitu ambacho Aristotle asingekielewa. Watu wanadhani alihubiri anasa. Uongo mtupu. Alikula mkate na maji, na aliwahi kumwomba rafiki amtumie kijungu cha jibini ili siku akitaka afanye karamu. Mwili usiumwe, moyo usiwe na hofu, hiyo ndiyo raha anayoitafuta. Nilimsikiliza nikiwa nimeegesha gari Mkushi, mbele yangu sahani ya nsima na kapenta, viatu nimevua, na sikuwa na pingamizi lolote. Inasemekana siku ya kufa, akiwa kwenye maumivu makali ya mawe ya figo, aliandika kuwa ni siku ya heri kwa sababu anayakumbuka mazungumzo yake na marafiki. Hilo la kwamba kifo si kitu kwetu kwa sababu kikiwepo sisi hatupo, nitamwachia yeye. Mimi nina Mola wangu wa kuniuliza.

Ila mazungumzo na marafiki, hapo wanakutana wote. Aristotle anatumia vitabu viwili vizima, cha nane na cha tisa, kwa urafiki peke yake, kuliko alivyotumia kwa haki au ujasiri. Anasema upo urafiki wa faida, upo wa starehe, na upo wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya utu wao. Huu wa mwisho ni adimu na unataka muda, kwa maana watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwake chumvi hailiwi peke yako. Kisha anasema jambo ambalo lilinifanya nimwangalie dogo: binadamu kuishi pamoja ni kushirikiana maneno na mawazo, si kama ng'ombe wanaolishwa uwanja mmoja.

Miaka miwili tulikuwa ng'ombe. Yeye na waya zake masikioni, mimi na taarabu yangu, tukiongea habari ya jeki na kamba za turubai. Kumbe nilikuwa sijui hata kwamba alilelewa na bibi yake Newala, wala kwamba hajawahi kuiona picha ya mama yake.

Nililijua hilo siku nilipomwambia kwa nini nilizima redio Nakonde. Tulikuwa tunasubiri zamu ya kupakia shaba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akasema, "Mzee, umemsikia vibaya. Yule alikuwa mtumwa. Mtoto wa mtumwa wanaweza kumuuza kesho asubuhi. Hakuwa anakukataza kulia. Alikuwa anajifundisha kubusu akijua."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia hata hivyo nyota sirudishi, akasema nisirudishe, lakini niandike kwamba yeye angetoa tano. Basi nimeandika: Milo anatoa tano.

Kwa anayetaka kujaribu: shusha faili ndogo, zinatosha kwa spika za gari na hazimalizi bando. Kitabu cha sita cha Aristotle, kile cha aina za akili, usikisikilize baada ya kula. Kitabu cha tano, cha haki, kisikilize na mtu mnayegawana naye posho, mtagombana vizuri. Epictetus mwekee foleni. Tumeshashusha na cha Marcus Aurelius, mfalme wa Roma aliyemshukuru mwalimu wake kwa kumwazima mafunzo ya Epictetus. Dogo ndiye aliyekichagua, anataka kusikia mfalme aliyejifunza kwa mtumwa anasemaje. Tunapakia salfa Jumatatu.